Maswali ya Wasomaji: Mwaka Mpya Mezani kwa Wafilipino

Barua nne kati ya zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinazungumzia jambo moja, ingawa waandishi wake hawajuani na wanaishi mbali mbali: namna ya kuukaribisha mwaka mpya pamoja na familia ya Kifilipino. Sishangai. Watu wetu walioko Ghuba wanafanya kazi bega kwa bega na Wafilipino, wanapanga nao vyumba, na wengine wanaoana nao. Mimi mwenyewe nilikaa Abu Dhabi miaka 11, nikilala chumba kimoja na wauguzi watatu wa Kifilipino, na mara mbili nilifuatana na mmoja wao hadi kwao katika mkoa wa Batangas, kusini mwa Manila, nikauona mwaka ukiingia huko. Majibu yangu yanatokana na siku hizo.

Shikamoo Mama. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, nafanya kazi hotelini Dubai. Nimechumbiwa na Mfilipino tunayefanya naye kazi, na Desemba hii tutakwenda kwao Batangas, mara yangu ya kwanza kuwaona wakwe. Ameniambia nivae nguo yenye madoa ya duara na niweke sarafu mfukoni. Nikimuuliza sababu, anacheka. Naogopa kuaibika. Nibebe nini, nifanye nini, na ni mambo gani nisiyaguse?
— Mkamwana Mtarajiwa, Dubai

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa uchumba. Mchumba wako anacheka kwa sababu hata yeye ukimbana hana maelezo marefu. Ni mambo aliyoyakuta yakifanywa na bibi yake, naye huyafanya kama sisi tunavyosema hodi kabla ya kuingia. Mwaka wangu wa kwanza niliizunguka nyumba nzima nikiuliza maana ya hiki na kile, nikawachelewesha watu kazi. Mwaka wa pili ndipo nilipotambua kwamba karibu kila kinachofanywa usiku ule kina nia moja, nayo ni kwamba mwaka usiikute nyumba tupu. Ukilishika hilo, mengine yote utayaelewa bila kuuliza.

Utaanza kuyaona tangu alasiri ya tarehe 31. Nyumba niliyofikia, bibi wa familia, ambaye wao humwita Lola, alimwaga mchele kwenye pipa hadi ukavimba juu ya mdomo wa pipa, akausawazisha kwa kiganja, kisha akaongeza kopo jingine ingawa ulikuwa unamwagika. Baada ya mchele akaijaza chupa ya chumvi, kopo la sukari na ndoo za maji. Pochi za watu wote zilitiwa angalau noti moja. Madeni yanayolipika hulipwa siku hiyo au kabla yake, kwa kuwa hawapendi mwaka uanze na mtu anayegonga mlango akidai chake. Usiku unapokaribia, taa zote huwashwa, hata za chooni, na milango, madirisha, makabati na mitoto ya meza hufunguliwa ili baraka ikiingia isikose pa kukaa.

Duara nalo linahusu ukwasi, kwa kuwa sarafu ni duara. Ndiyo maana ya madoa katika nguo, na ndiyo maana ya matunda utakayoyakuta mezani, ambayo lazima yawe ya duara na ya aina 12, moja kwa kila mwezi, ingawa zipo nyumba zinazoshikilia 13. Si matunda 12, mwanangu, ni aina 12, na kuzipata zote ni kazi inayomtoa mtu jasho. Tulipohesabu saa kumi jioni tulikuwa na machungwa, machenza, tikiti, balungi, zabibu, tufaha, pera, na mengine ambayo kwetu hayana majina, jumla aina 11. Mjomba alitumwa sokoni, ambako bei ilikuwa imeshapanda kama bei ya nyanya zetu wakati wa Ramadhani, akarudi na nanasi. Ukazuka mjadala wa nusu saa kama nanasi ni duara. Lola ndiye aliyekata shauri: nanasi lenyewe ni refu, lakini macho yake ni duara, kwa hiyo lihesabiwe. Matunda hayo hupangwa katikati ya meza na hayaguswi kabla ya saa sita usiku, basi hata kama njaa inakuuma, jiepushe nayo. Saa ikifika, wengi hula zabibu 12 moja baada ya nyingine, desturi waliyoirithi kutoka kwa Wahispania waliovitawala visiwa hivyo tangu 1565 hadi 1898. Heshima ya duara, pamoja na makelele ya saa sita, kwa kawaida hunasibishwa na Wachina, ambao walifanya biashara huko kabla Mhispania hajatia nanga.

Kuhusu nguo, usihangaike kununua gauni jipya Dubai. Wewe ni mtu wa Tanga; nenda kwa wauza kanga. Husimuliwa kwamba kanga ilipata jina lake kwa ndege kanga, kwa vile nguo za mwanzo zilikuwa na madoa kama ya manyoya yake, na hadi leo hukosi doti yenye madoa ya duara. Shona moja, na doti nyingine mpelekee mama mkwe. Soma vizuri jina la kanga kabla ya kulipa, maana utaombwa ulitafsiri mbele ya ukoo mzima, na majina mengine ni ya kumrushia jirani. Tafuta lenye dua.

Zawadi ya msafiri wao huiita pasalubong, na kufika mikono mitupu ni aibu huko kama ilivyo kwetu. Hawatazami bei, hutazama kama uliwakumbuka wote, pamoja na shangazi anayeishi nyumba ya tatu na watoto wake. Peleka vitu vidogo vingi kuliko kitu kikubwa kimoja. Watu wa Batangas ni wanywaji wa kahawa kali, yao wenyewe huitwa barako, kwa hiyo pakiti kadhaa za kahawa ya Kilimanjaro iliyokaangwa zitakuletea mazungumzo ya asubuhi nzima. Kwa watoto, weka akiba ya noti mpya za peso 50 na 100. Wao huita aginaldo, nawe uliyekulia Pwani utaitambua mara moja kuwa ni ile ile idi tuliyopewa utotoni tukitoka kusalimia, na macho ya mtoto anayeingoja ni yale yale.

Sasa salamu, ambayo ndiyo itakayokupa nafasi yako katika nyumba ile kabla hujafungua begi. Mkubwa hasalimiwi kwa kupungiwa mkono. Unainama kidogo, unaupokea mkono wake wa kulia, unagusisha mgongo wa kiganja chake kwenye paji lako la uso, huku ukisema "Mano po." Yeye atakujibu "Kaawaan ka ng Diyos", akikuombea rehema ya Mungu. Ni shikamoo na marahaba, ila ya kwao ina mkono ndani yake. Angalia usiubusu mkono kama tunavyowabusu masharifu na wazee wetu wa Pwani. Unaupeleka kwenye paji la uso tu. Anza na mkubwa kuliko wote, ushuke kwa umri. Neno "po" liweke katika kila sentensi unayomwambia mtu mzima, hata kama sentensi yenyewe ni ya Kiingereza, nao watakusamehe makosa yote mengine. Mama mkwe mwite Tita mpaka atakapokwambia mwenyewe umwite Nanay, kaka mkubwa wa mchumba wako ni Kuya, na dada mkubwa ni Ate.

Chakula cha saa sita usiku huitwa Media Noche, nacho pia kina masharti yake. Tambi zilizokaangwa, yaani pansit, hazikosi, na hazikatwi, kwa sababu urefu wake ni urefu wa umri. Vitu vya mchele wa kunata navyo hupikwa kwa makusudi, ili ndugu wanatane na bahati isibanduke. Kuku na samaki nyumba nyingi hazivipiki usiku huo. Wana msemo wao, "isang kahig, isang tuka", yaani parua moja donoa moja, kama afanyavyo kuku, wakimaanisha mtu anayekula leo alichokipata leo. Ni yale maisha tunayoyaita ya kijungujiko, wala hakuna anayetaka kuyaingiza mwaka mpya kwa mdomo wake. Usiulize kuku yuko wapi.

Dakika ya mwisho watoto husogea uani. Saa sita ikigonga wanaruka juu kwa nguvu zao zote ili warefuke, na nimemwona mwanamume wa miaka 40, mfupi kama mimi, akiruka nao bila haya. Watu wazima hutikisa sarafu mifukoni, wanapuliza matarumbeta ya karatasi yaitwayo torotot, wanagonga masufuria kwa miko, na magari yanapiga honi mtaa mzima. Kelele zote hizo ni za kufukuza mabaya. Mwaka wa kwanza gauni langu halikuwa na mfuko. Lola aliliona hilo katikati ya vurumai, akanifumbata mkono ndani ya wake, na nilipoufungua nikakuta sarafu tano za peso.

Tarehe 1 Januari ina miiko miwili mikubwa. Usifagie, kwa sababu utatoa nje kilichoingia usiku. Nawe usilione geni, kwani bibi zetu nao walitukataza kufagia usiku tusije tukaifukuza riziki. Pia usitoe fedha kununua kitu, ili mwaka mzima usiwe wa kutoa tu. Nilichokosea mimi ni hiki cha pili. Asubuhi niliondoka kimya kimya kwenda kwenye kiduka cha jirani kununua vocha ya simu, na nilikuwa sijafika getini Lola akaja nyuma yangu kwa kandambili, akaichukua pochi yangu, akaiweka juu ya kabati mpaka kesho yake. Sikuthubutu kusema neno. Nunua vocha, dawa na kila utakachohitaji tarehe 30, ambayo ni sikukuu ya kumkumbuka José Rizal, shujaa wao aliyepigwa risasi na Wahispania mwaka 1896. Kama utakuta maduka makubwa yamejaa watu, jipange foleni hivyo hivyo.

Mwisho, jambo ambalo mchumba wako hatakwambia. Familia nyingi huko zina mtu aliyeko ughaibuni, na mwaka huingia akiwa hayupo. Sanduku kubwa la vitu alilolituma kwa meli tangu Oktoba huwa limefika na limefunguliwa, lakini yeye huonekana kwenye kioo cha simu iliyoegemezwa kwenye kikapu cha matunda. Kwao nyumba tupu ni ile isiyo na mtu wao, hata mchele ukimwagika. Mwaka huu ninyi wawili mtaingia kwa mlango. Basi usishangae mama mkwe akikushika mkono muda mrefu kuliko adabu inavyodai, na usiuchomoe.

Assalaam aleikum. Mimi ni Muislamu, mwenyeji wa Unguja, ninafanya kazi Maskati. Wenzangu wa Kifilipino wamenialika kwenye karamu yao ya usiku wa kuamkia mwaka mpya. Ni watu wema sana kwangu. Nilipolazwa walikuja kila siku. Sitaki kuwavunja moyo, lakini nasikia mezani kwao nguruwe hakosi. Nifanyeje?
— Mpangaji wa Ruwi

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Hukumu ya dini kuhusu kuhudhuria sikukuu za wengine ni ya sheikh wako, nami sitamtangulia. Ninaloweza kukueleza ni meza yenyewe.

Ni kweli kwamba kwao nyumbani fahari ya Media Noche ni nguruwe: mzima wa kuchoma mwenye ngozi inayovunjika kama papadi, au paja lake lililokolezwa sukari. Hivyo utaviona kwa macho na kuviepuka. Penye mtego ni pale usipopaona. Pansit mara nyingi huwa na vipande vidogo vya nguruwe, au imekaangwa kwa supu yake. Lumpia, ambazo ni kama sambusa zilizokunjwa mfano wa sigara, huweza kuwa na nyama hiyo hiyo ndani. Tambi zao nyekundu zenye utamu wa sukari, ambazo watoto wanazililia, huwa na soseji. Huko Ghuba wengi hutumia ng'ombe kwa sababu ndiyo inayopatikana kwa urahisi, lakini usikisie. Muulize mpishi, chungu kimoja kimoja, na umuulize siku mbili kabla, wakati bado hajapika. Ukimuuliza mezani mbele ya watu utamtia fedheha, kwani itaonekana amekualika bila kukufikiria. Ukimuuliza mapema atakutengea sufuria yako, na atajivunia kuwa amekutengea. Kusini mwa nchi yao, Mindanao na visiwa vya Sulu, wapo Waislamu wengi tangu kabla ya Mhispania, kwa hiyo swali lako si geni kwao.

Vya tamu huna haja ya kuviogopa sana. Biko ni mchele wa kunata, tui na sukari. Leche flan ni mayai na maziwa yaliyoganda kama pudini. Lakini nakuomba uionje bibingka, endapo mmoja wao ataipika: unga wa mchele na tui, juu ya jani la mgomba, na kwa desturi hupaliwa makaa chini na juu. Nilipoiona mara ya kwanza nilinyamaza, maana kilichokuwa mbele yangu ni mkate wa kumimina wa mama yangu, umesafiri mbali, umerudi na jina jingine. Ukiweza, oka wa kwetu uwapelekee. Wauweke sahani moja na wa kwao, halafu utazame mabishano yatakavyoanza.

Neno la kukataa pia ujifunze. Mfilipino akila hukukaribisha, "Kain tayo," kama sisi tunavyosema karibu tule, na kumkatalia kwa kutikisa kichwa tu humuuma. Sema "Busog pa po ako," bado nimeshiba, na uchukue walau tunda. Matunda ni ya aina 12, hutakosa lako.

Na ikiwa mtu atakwambia kwamba kugonga masufuria usiku ni mambo ya ajabu, mkumbushe kwamba wewe unatoka kisiwa ambacho kila Julai wanaume wa Makunduchi huchapana kwa magomba na kukichoma kibanda moto ili mwaka ugeuke.

Mwanangu wa miaka 9 ameona kwenye simu video za fataki za Manila, sasa anataka twende kwa rafiki zetu Ufilipino mwakani ili azirushe mwenyewe. Je, ni salama?
— Mama wa Nairobi

La, si salama. Sheria namba 7183 ya mwaka 1992 inasimamia utengenezaji na uuzaji wa fataki nchini humo, na amri ya rais namba 28 ya mwaka 2017 ilizifungia fataki za kulipuka katika maeneo maalumu ya pamoja chini ya usimamizi. Hata hivyo, kila mwaka kuanzia karibu na tarehe 21 Desemba wizara ya afya huanza kuhesabu majeruhi, na kila mwaka wamo watoto waliopoteza vidole. Fataki ndogo iitwayo piccolo, ambayo huwashwa kwa kusuguliwa kama kiberiti, imepigwa marufuku na bado imo mikononi mwa watoto wa rika la mwanao. Nyingine iliyopigwa marufuku inaitwa Super Lolo, yaani Babu Mkuu, nawe jina linakutosha. Mji wa Davao ulizikataza kabisa tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na huko watu hupuliza torotot. Mnunulie mwanao torotot. Utajuta kwa masikio tu.

Mhariri, salaam. Mimi ni mzee wa Morogoro. Kijana wangu alioa Mfilipino huko Doha, na Desemba hii wanakuja nyumbani kwa mara ya kwanza, pamoja na mjukuu. Mke wangu anataka mkamwana ajisikie yuko kwao siku ya mwaka mpya, lakini hatujui pa kuanzia. Tumeambiwa kuna wali wa sukari na matunda. Tunaomba mwongozo.
— Babu wa Kihonda

Shikamoo Mzee wangu. Mama ameshaanza vizuri kwa kulifikiria tu.

Tuanze na matunda, kwa sababu Morogoro mna neema. Mwulizeni mkamwana mapema kama kwao huweka 12 au 13, kisha mwacheni mjukuu awe mhesabuji. Plamu na pichi za Mgeta, tikitimaji, embe dodo lililo nene, pasheni, pera, chungwa, chenza, ndimu, komamanga. Tufaha na zabibu mtazipata dukani. Hapo mmekwisha fika 12 bila nanasi, na kama litakuwepo basi mjadala wake mnaujua. Nazi iliyofuliwa sijawahi kuiona ikihesabiwa, lakini mimi ningeiweka.

Wali wa sukari ndiyo ile biko. Mchele wetu wa Mbeya hauwezi kazi hiyo hata ukipikwa bokoboko. Unatakiwa mchele wa kunata, ambao hupatikana kwenye maduka ya vyakula vya Kiasia Dar es Salaam, au mwambieni kijana abebe kilo mbili kutoka Doha. Vikombe viwili vya mchele vilowekwe saa moja, vipikwe kama wali hadi viive huku vikiwa bado vigumu kidogo. Kasimele ya nazi moja ichemshwe peke yake kwa moto mdogo mpaka mafuta yajitenge na zibaki chembe za kahawia zinazonukia. Chembe hizo huitwa latik, ziwekwe pembeni, na mafuta yake yapakwe kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni na kutandikwa juu ya sinia. Tui la nazi mbili lichemshwe na kikombe kimoja na nusu cha sukari ya kahawia pamoja na chumvi kidogo, hadi liwe zito kama asali. Ndipo wali utiwe humo na usongwe. Usongwe kweli, kama ugali, mpaka uachane na sufuria na mkono ulalamike. Umiminwe kwenye sinia, usawazishwe, na latik inyunyizwe juu.

Lakini, Mzee wangu, Mama asimpikie mkamwana. Mambo mengi ya wageni huharibika hapo: tunamkalisha mtu kwenye kochi na soda mkononi, tunamwita mgeni hadi siku ya kuondoka. Mwachieni jiko usiku huo, Mama awe wa kukuna nazi na kuchochea moto, na majirani wawili waje kumenya. Yeye ndiye atakayewaambia pipa la mchele lijazwe hadi wapi na milango ipi ifunguliwe, nanyi mtii bila kucheka. Akija kuuchukua mkono wako na kuugusisha kwenye paji lake la uso, mwachie mkono, wala usiuondoe ukidhani amepotea, mwitikie marahaba.

Fataki achaneni nazo, zinataka kibali cha polisi na mbwa wa mtaa mzima watawalaani. Sufuria na miko vinatosha, ila wapeni majirani taarifa tangu jioni, wasije wakadhani mmevamiwa.

Kuna jambo moja la saa, na hili msilikosee. Ufilipino wako mbele yetu kwa saa tano. Wakati kwao ni saa sita usiku, Morogoro itakuwa saa moja jioni, watu wanarudi kutoka sokoni na chakula bado kiko jikoni. Saa kumi na mbili na nusu simu ya mkamwana iwe imejaa chaji na ina kifurushi cha intaneti, taa zote za nyumba ziwashwe, matunda yawe yameshapangwa mezani, na simu iegemezwe kwenye tikiti mahali ambapo meza yote inaonekana. Mama yake atataka kumwona akiwa amezungukwa na watu. Mjukuu aruke hapo hapo, pamoja na binamu zake wa kule. Saa sita yenu ikifika anaweza kuruka mara ya pili, kama hajalala.

Barua za toleo lijalo zitahusu mirathi.